Papai la Mama Mkwe

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie haraka maana nimechanganyikiwa, mimi ni mke wa mtu hapa Unyambwa, mume wangu yuko machimboni Sekenke, na mipapai yetu ilivamiwa na vile vidudu vyeupe kama pamba vinavyofyonza utomvu mpaka majani yanajikunja, nikajaribu majivu, nikajaribu sabuni, wapi, ndipo Jumatatu nikachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe ya shemeji, nikawaza kama inaua kupe itashindwaje na hivi, nikaichanganya kali na kupuliza mpaka kwenye matunda, sikumwambia mtu. Jumanne mama mkwe akachuma papai lililoiva, akalikata bila kuliosha, akampa Editha, mtoto wa wifi yangu, ana miaka minne, na kabla ya jioni mtoto akatokwa mate mengi, akatapika, akaanza kutetemeka, sasa amelazwa kituo cha afya wanamtibu degedege, daktari aliuliza amekula nini na mimi nimesimama pale pale nikanyamaza, na mtaani wanasema bibi kamloga mjukuu wake, jana wamerusha mawe kwenye bati lake. Mama, nakuambia ukweli, niliposikia wanamwita mchawi moyo wangu ulifurahi kidogo, maana miaka sita amenisema kwa kutozaa. Sasa silali. Nimsubiri mume wangu Jumamosi nimweleze taratibu, au nirudi kwetu Itigi?

*

Marahaba. Ujumbe wako nimeukuta asubuhi hii, nimekupigia mara tano simu imezimwa, ndiyo maana nimekatisha muziki hapa redioni nikujibu hewani.

Unaniuliza habari za mume na safari ya Itigi wakati mtoto anatibiwa ugonjwa asio nao? Sumu ile ina matibabu yake, lakini daktari atajuaje kama umefunga mdomo? Kusemwa kwa kutozaa kunauma, mwanangu, na kwa hilo nakupa pole ya dhati. Ila aliyekusema ni bibi, na anayeumia ni Editha. Kile kifuraha chako kinanitisha kuliko dawa yenyewe.

Ichukue chupa na karatasi yake, mpe daktari mkononi, mtajie siku uliyopuliza. Usimtume mtu. Muulize mama mkwe kama naye alionja. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, useme mbele ya hao hao waliorusha mawe kwamba ni wewe. Watakutukana. Wifi yako huenda asikusamehe, nami siwezi kukuahidi vinginevyo. Mapapai yote yazikwe, hata nguruwe wasipewe.

Na wewe mama yake Editha, kama unanisikia hapo wodini, mwite daktari sasa hivi. Mwambie mtoto amekula dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ya nani, mtaulizana baadaye.