Hirizi ya Bi Sauda

Palma, Ijumaa baada ya swala

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya Ruvuma. Goti lako linaendeleaje? Na yale mafuta ya mnyonyo niliyompa dereva, yalifika au kayauza njiani? Mimi ni mzima, nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo.

Mama, kaa vizuri usome, maana leo najisifu. Nivumilie tu, mwana ni wako.

Tangu gesi ionekane baharini, Palma haitulii. Kila anayeshuka garini anauliza kazi Afungi, kunakojengwa mitambo ya gesi. Kaka Saidi naye kanipigia simu: niache haya "makaratasi machafu" nikaoshe vyombo jikoni kwa wajenzi. Sikumjibu vibaya, Mungu ni shahidi yangu. Nipo palepale pembeni mwa soko, meza mbili na turubai. Wageni wanaohama wananiuzia vitabu vyao, vya Kiswahili naletewa kutoka Mtwara, na vijana wanagombania kamusi za Kireno na Kiingereza. Vilivyoraruka kabisa wauza bajia wananunua kufungia. Lakini karatasi yenye khati ya Kiarabu haifungiwi bajia, haitupwi wala haikanyagwi. Asiyejua kuisoma ananiletea mimi, naiweka kwenye kasha lake, juu ya vitabu vyote.

Wiki iliyopita akaja Bi Sauda, mjane wa rika lako, mwenye shamba la minazi kule Afungi. Mpwa wa marehemu mumewe alikuwa amekwenda kwa watu wa serikali wanaoandikisha mashamba yatakayoingia ndani ya uzio wa gesi, akasema minazi ile ni ya ukoo wao, mwanamke kaikuta tu alipoolewa. Kikao cha kuamua kilikuwa keshokutwa yake, na shahidi aliye hai hakuwa naye hata mmoja. Ila kwangu hakuja kwa hilo. Alikuja na hirizi.

Ilishonwa ndani ya kitambaa cheusi, mchwa wameshakila nusu. Bibi yake aliitundika juu ya mlango, mama yake akaifukiza ubani kila Ijumaa, na yeye vivyo hivyo.

"Ninakilie dua hii kwenye karatasi mpya, mwanangu," akasema. "Imechakaa, ndiyo maana mambo yangu yanaharibika."

Nikaifumua taratibu. Nikaanza kusoma, nikakwama. Baada ya bismillahi hapakuwa na dua yoyote! Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu: mimi fulani nimemuuzia Mwanaisha binti Hamisi shamba langu la minazi, mashariki pwani, kusini kisima cha mawe, na mashahidi ni hawa. Huyo Mwanaisha ndiye bibi yake. Mama wee, nilicheka mpaka machozi. Vizazi viwili watu wanafukiza ubani hati ya shamba!

"Unaicheka dua ya watu?" Bi Sauda akafoka. Nikamsomea neno kwa neno. Akakaa chini kwenye rundo la vitabu. Halafu akauliza, "Sasa mlango wangu miaka yote hii ulikuwa unalindwa na nini?"

Siku ya kikao tukaenda wote. Shefe, ndivyo wanavyomwita mkuu wa huku, akaishika ile karatasi, akaigeuza huku na huku. "Hizi ni herufi za Kiarabu. Hili si dokumentu. Na wewe Mtanzania, nani ajue kama hujabuni?" Yule mpwa akadakia, "Huyo muuza karatasi za bajia!" Watu wakacheka. Niliogopa, sikufichi, maana tukishindwa pale Bi Sauda anarudi nyumbani akiwa mpangaji wa minazi yake mwenyewe.

Nikasema, "Shefe, nitoeni nje. Mwiteni mwalimu wa msikiti asome, kisha mniite na mimi nisome mbele yenu. Tukipishana jambo moja, vitabu vyangu vyote vichomeni moto." Ulimi wangu huo, unaujua.

Nikasimama nje juani, nimeloa jasho. Waliponiita nikasoma kama ulivyotufunza barazani, sauti juu, bila kumung'unya. Nilipofika kwenye kisima cha mawe wazee wakaanza kuguna, maana kisima kile kipo mpaka leo. Mwalimu akasema, "Ni yaleyale niliyoyasoma mimi." Shefe akaandika shamba kwa jina la Bi Sauda, na mpwa akaondoka bila kuaga mtu.

Kabla hatujatawanyika, mwalimu akaniuliza nani kanisomesha. Nikasema mama yangu, yuko Lindi. Akanitazama kwanza. "Mwanamke?" Nikasema ndiyo, mwanamke. Akasema, "Mwambie amefunza." Basi nakwambia, Mama, umefunza. Nilitembea mpaka sokoni kichwa juu kama bibi harusi.

Tangu siku hiyo watu wananijia na hirizi za kwao nizifumue. Nyingi ni dua kweli, nazishona upya na kuzirudisha kwa heshima. Kaka Saidi mwambie vyombo wataosha wengine.

Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie nguo ya harusi aliyoniagiza nimeshaipata. Wifi na watoto wake nawabusu, na jirani yetu fundi baiskeli asante kwa kukusomea meseji zangu za simu, maana hizo haziji kwa khati yetu kama barua hii.

Bi Sauda naye anakusalimu sana. Nilimuuliza kama kweli amefurahi, maana uzio ukifika shamba lenyewe litachukuliwa tu. Akasema, "Kwamba litaondoka nilishajua, mwanangu. Nilichokuwa nalilia, lisiondoke kama vile halikuwahi kuwa langu."

Ni mimi mwanao unayenidhania mkaidi,
Zaituni