Donge la Jumatano Ile

Matinyani, Kitui.
Jumanne, 12 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Muindi,

Kwanza salamu. U mzima? Ule mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tunaendelea. Susu, nyanya yetu, analalamikia magoti lakini hajakosa kanisa hata Jumapili moja. Baba amekuwa kimya sana, ni mbuzi tu wanaosikia sauti yake. Mimi nilimaliza shule, niko nyumbani nikingoja kuitwa chuo.

Najua tangu mazishi ya Mama hupokei simu. Sikulaumu. Hata mimi simu hunishinda. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii inaletwa na Nasreen, binti ya Mama Mwanamkasi mwenye bekari ya mjini alikokuwa akifanya kazi Mama. Amepata kazi huko Doha.

Bekari ilifungwa mwezi wa Aprili. Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuoka ule mkate wa iliki nyumbani, kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nilitumia hamira ya dukani mara sita. Ulikuwa mkate mzuri tu, lakini haukuwa ule. Susu alionja akasema, "Huu ni wa watu wengine."

Nikajikaza nikaenda kwa Mama Mwanamkasi. Nilisimama mlangoni hadi akanicheka. "Ingia mwanangu, au wataka nikuchore hapo?" Akanitolea chupa ya kioo yenye donge la unga linalonuka uchachu. Akaniambia bekari yao haikutumia hamira. Kila siku walikata kipande cha unga uliokandwa, wakakiweka kiwe chachu ya kesho. "Hili alilikanda mamako Jumatano ile," akasema. "Mimi nimelilisha unga na maji tu. Sasa mikono yangu haiwezi tena. Chukua lote."

Jumatano ile, Muindi. Siku aliyorudi mapema akisema kichwa kinamuuma. Alhamisi hakuamka.

Nililibeba donge hilo mapajani njia nzima. Nyumbani nililiweka kwenye beseni, nikaongeza unga, nikalifunika kwa leso ya Mama, ile ya zambarau. Mchana niliketi kando yake. Leso ilipanda polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilisikia kitu kikipumua ndani. Ningependa kukuambia sikuogopa, lakini niliogopa.

Nilioka jioni. Unakumbuka Mama akishuka kwenye pikipiki, harufu ya mkate ilikuwa ikifika kabla yake? Na Baba alikuwa akienda kumpokea kiondo? Harufu ilipotoka tu nikasikia geti likifunguliwa. Nilipochungulia, Baba alikuwa amesimama pale amenyoosha mikono yote miwili. Barabara ilikuwa tupu. Nilimwita mara tatu.

"Nani amekuja?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, Baba. Ni mkate."

Aliingia, akala akiwa amesimama, akakata kipande kingine. Ulikuwa ule. Susu alilia. Mimi nilifurahi hadi nilipokuwa nikiosha beseni, mikono yangu ikasimama majini. Nilikuwa nimeoka donge lote. Niliogopa halitaumuka nikikata, nikasahau kipande cha kesho. Tulikuwa tumelimaliza, kaka. Kitu cha mwisho alichokishika Mama, tulikuwa tumekila na chai.

Sikumwambia mtu. Asubuhi nilichukua leso nikaifue. Susu akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Wewe! Acha hiyo!" Ikabidi nimweleze kwamba donge limeisha.

"Miaka kumi na miwili shuleni hukufundishwa kubakisha?" akasema. Kisha akatazama njiani kuona kama pasta anapita, akaniambia mama yake alikuwa akitengeneza pombe ya asali. Yale matunda ya kuchachushia, miatine, hawakuyatupa. Waliyaanika juani, wakayaning'iniza darini miezi mingi, na pombe mpya ikitengenezwa yanaamka. "Kwa nini unga usiamke? Kwangua."

Unga ulikuwa umegusa leso ulipoumuka, ukakaukia pale. Niliukwangua kwa kijiko. Haukujaza nusu yake. Nikautia kwenye chupa na maji ya vuguvugu na unga kidogo. Siku nne ulikaa kama udongo. Kila nilipopita nilihisi mtu amesimama nyuma yangu akingoja, na sikugeuka. Jumapili, tulipotoka kanisani, Baba ndiye aliyeona. "Kathini, njoo." Povu moja dogo lilipanda likapasuka.

Sasa nakata kipande cha kesho kabla sijawasha jiko. Na kimoja nilikianika juu ya leso kwa ajili yako, kikakauka nikakivunja. Ni hivyo vipande vikavu kwenye karatasi iliyokunjwa, usidhani ni takataka. Viloweke kwa maji ya vuguvugu na unga, uvilishe kila siku. Vikinyamaza siku nne, usivitupe.

Susu na Baba wanakusalimu. Baba alisimama hapa nikiandika, akasema, "Mwambie asahau yote, lakini mkate aoke." Mungu akulinde huko, na akupe usingizi.

Harufu itakapotoka, Muindi, utataka kwenda mlangoni. Nenda tu. Sisi pia tunaenda. Kisha urudi, ukae, ule.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Kathini