Mtama Ulioota Ukungu

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Hapa Bangwe hatujambo, ila babu yako na kikohozi chake.

Unauliza kama mtama unaowaoteshea kuku ukishika ukungu unaweza kuusuuza ukawapa. Usiwape, mama. Umwage.

Nilipoolewa hapa, hata mwaka haujaisha, wifi yangu Mariamu, dada yake babu yako, alikwenda Mwamgongo kumuuguza shangazi yake, akaniachia kuku wake. Nikawaoteshea mtama kwenye ungo. Niliufunika gunia bichi siku nyingi mno, mizizi ikawa myeupe kwa ukungu. Nikaona uchungu kutupa chakula. Nikausuuza ziwani, nikawapa. Wakafa karibu wote.

Mariamu aliporudi nilimwambia ni kideri, maana ugonjwa huo ukipita hauachi kuku bandani. Alinishika mkono akasema, "Pole wifi, umehangaika peke yako." Akanigawia na dagaa aliokuja nao.

Tumelea watoto pamoja miaka yote hiyo, na kila siku nilijiambia nitamweleza kesho. Mwezi uliopita tumemzika. Ile pole yake bado ninayo, wala haikuwa yangu.

Bibi yako