Hukumu ya Nchi ya Chini

Elibariki, ndugu yangu,

Imetoka. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo swali lililonipokea kila nilipoingia wodini: "Imetoka?" Hukuniuliza habari za mvua wala za mitihani. Uliuliza habari za Nchi ya Chini, ile nyongeza ya gemu letu ambayo waundaji wake waliitangaza wakati bado ukipanda ngazi mbili mbili. Nilikujibu "bado" mpaka mwisho. Sasa nisikilize, maana nina mengi na sina subira: imetoka, nimeicheza, nimegombana na nusu ya mtaa wetu wa Levolosi kwa ajili yake, na hukumu yake imeandikwa ukutani.

Nikuonyeshe kwanza nchi yenyewe. Unashuka kwenye kisima kikavu, giza linakumeza, kisha unatokea kwenye nyanda za majani ya rangi ya fedha, na ukitazama juu huoni anga. Unaona tumbo la mlima ule ule tulioupanda katika gemu la kwanza, limening'inia kama dari, na mito inapita humo kichwa chini bila kumwaga hata tone. Nilipoiona mara ya kwanza niligeuka kushoto nikuambie tazama. Kushoto kwangu alikuwa amekaa Hashim.

Nitamfikia Hashim. Kwanza ujue jinsi dunia ilivyoipokea. Wahakiki wa ng'ambo, waliopewa kuicheza kabla yetu sisi watu wa kawaida, waliimwagia sifa ambazo hata wewe ungeona haya kuzitamka. Kisha wachezaji wakaingia, na sifa zikageuka moto. Walisema maadui wanaua kwa pigo moja. Walisema Malkia Asiyelala, yule wa mwisho, hapumui kati ya shambulio na shambulio. Wakaishushia alama, wakadai ilegezwe. Waundaji walipolegeza kidogo tu, likaibuka kundi jingine likilia kwamba limesalitiwa. Fikiria, Elibariki: ulimwengu mzima ulifanya mdahalo, na mada ilikuwa ile ile uliyoitetea ukiwa umelala chali na sindano mkononi. "Gemu lisinionee huruma," ulisema. "Huruma nimeshiba humu."

Basi ningekaaje kimya?

Chumba cha nyuma cha duka la Kaka Kishor kipo vile vile. Kishor bado anatengeneza redio kama babu yake alivyozitengeneza katika mtaa huo huo, bado anatupigia kelele tukimwaga soda, na bado anatuachia skrini kubwa mchana kutwa kana kwamba ametuzaa. Desturi zako mbili zimebaki. Ya kwanza: ukifa kwenye gemu, pedi ya kuchezea unampa aliye kushoto kwako, bila kunung'unika. Ya pili: asiyemaliza gemu hahukumu. Aliyemaliza ndiye husimama akasema, watu wakabisha, kisha sentensi moja ikaandikwa ukutani kwa rangi. Ulipokuwepo, ulimaliza wewe na nikasimama mimi, kwa sababu ulikuwa ukisema, "Naserian atanisemea." Wewe ulikuwa mkono, mimi nilikuwa mdomo. Sikuwahi kujiuliza mdomo utafanya nini ukiachwa peke yake.

Nilijibiwa Jumamosi moja. Hashim, yule wa Njiro anayesoma sheria, ana mashine yake mwenyewe sebuleni kwao. Alimaliza Nchi ya Chini kabla yetu sote, kwa kuwaita wachezaji wasiojulikana kupitia mtandao wapigane upande wake. Gemu linaruhusu, kwa hiyo siwezi kumwita mwizi, ingawa nilimwita. Akasimama katikati ya chumba, kashika kiuno.

"Nimemaliza mimi peke yangu hapa, na nasema imefeli," alisema. "Kile si kigumu, ndugu zangu. Kile ni dharau. Sikufurahi hata siku moja."

Nikasimama nimjibu. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na mifano, nilikuwa na sauti ile inayowafanya wakuu wa chuo watazame saa zao.

"Mama Mapinduzi," Hashim akaniambia kwa upole unaoudhi, "umemaliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kaa."

Nikamtazama Kishor anisaidie. Akakuna kidevu. "Naserian, sheria si yangu. Ni ya marehemu."

Nilikaa. Mimi niliyesimama mbele ya mabomba makavu ya hosteli nikahutubia mpaka maji yakatoka, nilikaa chini kwa sababu ya sheria yako. Lakini kabla Kishor hajafungua kopo la rangi nilimwomba asubiri mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naye akakubali. Unaelewa nilichokuwa nakipigania? Ukuta ule ni wako. Kila sentensi iliyomo uliipigania wewe. Nao ulikuwa karibu kubeba neno "imefeli" juu ya kitu ulichokisubiri kwa hamu kuliko ulivyosubiri kupona, tena kwa ushahidi wa mtu mmoja aliyebebwa mgongoni mpaka mlangoni.

Nikaanza kucheza kila alasiri baada ya vipindi. Na nikaanza kufa. Elibariki, nilikufa kwa kila namna ambayo binadamu anaweza kufa bila kuinuka kitini. Nilitafunwa, nilichomwa, nilisukumwa jabalini na mbuzi. Chumba kilinishangilia kwa huzuni. "Pole mheshimiwa, pedi." "Mwongeze hotuba kidogo huyo mbuzi, labda atalala." Pedi ikazunguka chumba kizima, na kila mmoja wetu alifanya jambo lile lile: alikimbia moja kwa moja hadi kwa adui mkubwa wa karibu, akafa, akapitisha pedi.

Hapo ndipo nilipoligundua jambo ambalo ningetoa chochote kukuambia uso kwa uso. Nchi ya Chini imejaa mbegu za nuru. Zimefichwa nyuma ya maporomoko, chini ya madaraja, mapangoni ambako hakuna adui wala zawadi nyingine. Kila mbegu unayoiokota inakuongezea nguvu za kupiga na za kustahimili, na bila mbegu hizo, nguvu zote ulizotoka nazo gemu la kwanza ni kama bure. Halikufichwa hili. Gemu lenyewe linasema hivyo mlangoni, kwa maandishi. Hakuna aliyesoma. Kusimama kusoma huku watu wanasubiri zamu ni aibu; ukithubutu unaambiwa, "Soma ukifika kwenu." Na kutembea ovyo ukitafuta mapango ni kula zamu za wenzako. Desturi yetu ya kupokezana pedi, ile tuliyojivunia kwamba ndiyo haki yenyewe, ilitufundisha kukimbia tu. Hata wewe, bingwa wetu, ulitufundisha kukimbia. Tulifika mbele ya majitu tukiwa uchi, kisha tukayashutumu kwa ukatili.

Nikatoa hoja: anayetembea asinyang'anywe pedi. Azunguke, akusanye, na zamu ihesabiwe kwenye vita peke yake.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. "Kumbe tumekuja kutalii." "Kishor, mkatie huyu kibali cha hifadhi." "Mtafutie na mpagazi ambebee maji." Hashim ndiye aliyecheka zaidi, na ndiye aliyeuliza kama ningependa hema lenye choo ndani. Kishor akatoa kichwa chake mlangoni, bisibisi mkononi, akasema, "Mwacheni atembee. Akichoka atarudi."

Sikuchoka. Nilitembea, Elibariki. Niliingia kwenye msitu wa uyoga mrefu kuliko mnara wa kanisa lenu. Nilikuta kijiji cha watu wa vioo wanaoinamisha vichwa ukipita, na ukiinamisha chako nao wanakuonyesha njia. Mwanzoni wenzangu walisinzia kwa makusudi, wakikoroma kwa sauti. Siku zilivyokwenda, mmoja akaegemea mbele. "Hebu rudi kidogo, pale nyuma ya maji." Mwingine akasema ameona mwanga chini ya daraja. Kisha sote tukawa tunatembea kwa pedi moja, tukigombania kulia au kushoto, na siku moja nikasikia sauti ikisema, "Hapana, kata kulia, kuna ngazi," nikageuka, nikamkuta ni Hashim. Alikuwa amemaliza nchi nzima na hajawahi kuiona ile ngazi.

"Hukupita hapa?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na haraka," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuonekana wakili.

Jumamosi ya mwisho chumba kilijaa mpaka wateja wa redio wakakosa pa kusimama. Malkia Asiyelala anakaa kwenye kiti cha chumvi, na anapoinuka muziki unakoma, jambo linalotisha kuliko muziki wowote. Nilikufa, nikapitisha pedi kushoto. Wenzangu wakafa. Pedi ikazunguka na kuzunguka, ikimfikia Hashim mwisho, aliyekaa kulia kwangu, na kila ilipomfikia alinipa bila kubonyeza kitu. "Cheza wewe," alisema. "Haki ya kusema ninayo tayari. Na wewe itafute."

Sikupigana kama wewe. Wewe ulimvamia kila adui kana kwamba alikutukana mama. Ngao uliiita kitu cha waoga. Mimi nilibeba ngao kubwa kuliko zote, nikajificha nyuma yake kama mtu aliyenyeshewa, nikasubiri. Na Malkia anapumua, Elibariki. Wale wote walioandika kwamba hapumui hawakuwahi kusimama tuli vya kutosha kumwona. Baada ya lile pigo la kuzunguka, upanga wake unagusa sakafu na mabega yanashuka kidogo. Nilimpiga hapo, mara moja tu kila alipopumua. Alipoanguka, sikupiga kelele. Kishor ndiye aliyepiga, kwa Kigujarati, na bisibisi ikaruka.

Kisha nikasimama, na safari hii hapakuwa na wa kuniambia nikae.

Nilisema hivi. Nilisema wahakiki wa ng'ambo waliona sawasawa: ni kazi kubwa, na hatutapata nyingine kama hii kwa muda mrefu. Nilisema wachezaji waliokasirika nao hawakuwa wajinga, maana walichokiona kilikuwepo. Lakini wale wahakiki walikaa peke yao na mashine zao, wakatembea walivyotaka, hakuna aliyewasubiria zamu, kisha wakaandika kuhusu ugumu kana kwamba unampima kila mtu kwa mizani moja. Sivyo. Ugumu huu unamuuliza mchezaji kwanza: una muda wako mwenyewe? Anayecheza baada ya kazi, anayecheza kwenye foleni, anayecheza kwa zamu chumba cha nyuma, hukutana na gemu jingine kabisa, kali zaidi, na hakuna mhakiki aliyelihakiki hilo. Na wewe nilikutaja kwa jina. Nilisema, Elibariki alitaka gemu lisilo na huruma, na alikosea. Gemu hili lina huruma nyingi. Limeitawanya nchi nzima, nyuma ya kila maporomoko, na kuwaachia wenye nafasi ya kutembea.

Hashim alibisha. Nikambishia. Alidai neno lake liingie, na akastahili, kwa hiyo tukaitunga pamoja, na Kishor akaipaka kwa rangi ya bluu: "Nchi ya Chini imepita, ni kali kwa anayekimbia, na haikutufikiria sisi ambao muda wetu ni wa kukimbia tu."

Kesho yake, baada ya ibada, nilipanda kwenu mlimani. Mama yako alikuwa anapalilia kahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kabla hata sijakaa, "Lile dubwana la mwanangu limekufa?"

"Limekufa, mama."

"Nani kaliua?"

"Mimi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe? Elibariki alisema wewe ni wa maneno." Akacheka, nami nikacheka, na alipokwenda jikoni kuleta chai nilikuja hapa ulipo, katikati ya migomba, nikakusomea hotuba yote kwa sauti, bila kuruka kitu. Nilipofika mahali pale nilipokutaja, nilinyamaza. Nilikupa nafasi. Katika miaka yote ya urafiki wetu hukuwahi kuniachia nimalize hoja, uliingilia kila mara hapo hapo, kwa kidole hewani na ile "Ngoja kwanza." Nilisubiri "Ngoja kwanza" yako. Majani ya mgomba yakatikisika, mama yako akaita chai inapoa, na nikajua kwamba kwa mara ya kwanza nimekushinda katika mjadala. Elibariki, sikuutaka ushindi wa namna hiyo. Siutaki hata sasa.

Kwa hiyo nakuahidi jambo moja kabla sijafunga. Kuanzia leo, kila nitakaposimama, iwe kwa Kishor, iwe chuoni, iwe popote watakaponivumilia, nitaanza na upande wako. Nitautetea kwa nguvu zangu zote, kwa hasira yako na kidole chako hewani, mpaka chumba kiamini kwamba ndio wangu. Ndipo nitauliza kama bado nina la kusema. Kuna siku nitajikuta sina, nami nitakaa chini bila kuambiwa na mtu, na wenzangu watashangaa ni nani aliyeninyamazisha.

Lala salama, mkono wangu.

Naserian