Mbegu Nilizopangusa Majivu

Siku ya tatu, mwezi wa tisa 1963

Kodi ya nyumba nililipa na mbegu zetu za maharagi. Kila kitu iko bei juu, na mwenye nyumba alisema atatufukuza. Nilipangusa majivu tuliyoweka ili wadudu wasizile, nikaziuza sokoni kama za kupika. Mume wangu hajui.

Leo alitoka shambani, mikono imechubuka.

"Mama Furaha, nimemaliza kulima! Kesho ulete mbegu. Ao wewe na mutoto mumekwisha kuzikula?"

Akacheka. Na mimi nikacheka naye, aibu yangu!

Sasa amelala, Furaha juu ya kifua chake. Shamba lote lile, na hakuna cha kupanda...

Mama yangu kule Kirolirwe labda atatukopesha kikapo kimoja cha mbegu. Lakini kwanza nitamwambia Papa Furaha kweli, kabla ashike jembe.