Maua ya Plastiki Kaburini Kwako

Mama,

Mvua zimetuelemea hapa Makandana, na kitalu chako cha maua ya dalia hakipo tena. Nimeona nikwambie mwenyewe. Ambakisye, mwanao wa kwanza, amejenga kibanda cha duka palepale mbele ya nyumba yako. Siku hizi biashara ni ruksa, Tukuyu nzima inauza, na kaka hakutaka kupitwa. Anauza mitumba, sabuni, na maua ya plastiki.

Ndiyo, Mama. Ya plastiki.

Nakumbuka kila msiba ulipotokea mtaani. Hukungoja kuombwa. Ulikata dalia umande haujakauka, ukazitumbukiza kwenye ndoo, nami nikabeba. "Gwe mwanangu, mfiwa hapelekewi ua lililosinyaa," ulisema. Mzee wa kanisa, mlevi, mwalimu mgeni aliyeletwa na kazi, wote uliwazika kwa maua yako.

Wewe je? Siku ya kukuzika, akina mama wa Kawetele walikuja na dalia mikononi, zilizotokana na viazi ulivyowagawia, ile mizizi minene ya kupandia. Kaka akaamuru ziwekwe kando, kule kwenye migomba. Juu yako akaweka shada la plastiki alilolifuata Mbeya, akatangaza mbele ya watu, "Haya hayanyauki." Na wengine wakamsifu! Heshima ya jeneza lako tu ndiyo iliyonizuia kuliondoa.

Kisha akataka kujenga. Nilimsihi asubiri mashina yakauke, nivichimbue viazi taratibu na kuvihifadhi kwenye majivu kama ulivyonifundisha. Akasema biashara haisubiri maua. Jembe lake likavikata viazi shingoni, pale penye macho. Niliviokota hivyohivyo, nikavipanda nyuma ya nyumba yangu, huku nikijua kiazi kisicho na jicho hakioti. Vilikaa ardhini mpaka vikaoza. Siku nilipovifukua nililia kuliko siku ya mazishi, wala sioni aibu kusema.

Aliyeniokoa ni Mama Subi, shoga yako wa Kawetele. Alinigawia viazi kutoka kwenye shina ulilompa. Dalia zimechanua, Mama, zile nyekundu nzito zinazoinamisha vichwa. Nimezifunga kwenye matete zisivunjwe na mvua.

Juzi kaka kaja, anachekacheka kama anayemwona mteja. Binti yake anaolewa, anataka dalia za kupamba kanisa. Eti maua ya dukani yameshika vumbi, na wageni wanatoka Dar. Nikamwambia, "Kaka, yako si hayanyauki? Yaoshe." Aliondoka amenuna, na mkewe sasa hanisalimii.

Najua wewe ungempa. Mimi si wewe, na moyo wangu bado unachemka.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, msiba wowote mtaani nitapeleka maua bila kuombwa. Hata ukiwa msiba wake Ambakisye, nitambebea ndoo nzima. Lakini maadamu yu hai, hapati hata jani.

Mwanao,
Tusajigwe