Kidole Alichokishika Tito

Mpendwa Baba Tito,

Leo nimekukasirikia upya, pamoja na miaka yote hii uliyokaa kaburini. Mwanao amekuja mbio kutoka Chanji, kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia, kuniambia kichanga chake kinarusha mikono kama mtu anayeanguka. Eti degedege. Nikajua damu yako bado inafanya kazi.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Majengo, ulipokuwa bwana shamba, unashinda kwenye vijiji vya ujamaa ukiwahimiza watu wapande kwa mstari? Mfuniko wa sufuria ulianguka, Tito akatupa mikono, akatetemeka, akalia. Wewe mtu wa Mbeya, uliyekuja Ufipa umeshajazwa maneno juu ya uchawi wetu, ukasema, "Huyu wameshamwona." Ukaanza kufunga kanga zake. Eti kesho apande basi, akalelewe kwa mama yako. Mtoto ambaye hata kitovu hakijadondoka! Mimi nibaki na maziwa yananichuruzika?

Mama yangu akakubembeleza. "Mkwe wangu, vichanga vyote hushtuka hivyo. Ataacha mwenyewe."

Hukusikia. Akipiga chafya, wachawi. Akitabasamu usingizini, nani anamchekesha? Nilichoka na wewe, Baba Tito, kuliko nilivyochoka na uchungu wa kuzaa.

Ndipo nikakuburuta hadi zahanati. Muuguzi, dada mmoja mwenye haraka zake, akamwinua Tito kidogo, akakiachia kichwa kishuke kwenye kiganja chake. Mikono ikaruka vilevile. Akamgusa shavu, mdomo ukageuka kutafuta ziwa. Akamsimamisha mezani, miguu ikapiga hatua.

"Kazaliwa nayo yote haya," akasema. "Asingeshtuka, hapo ndipo ningeingiwa na wasiwasi."

Kisha Tito akakishika kidole chako, akakibana. Ukatoa meno yote nje. "Umeona? Ananijua baba yake."

"Hata kijiti angekishika," muuguzi akasema.

Ulivyonuna! Kushtuka ulikubali ni kawaida, kushika ukakataa katakata. Ulibisha njia nzima hadi nyumbani, mpaka nikatamani kukuacha barabarani. Lakini zile kanga ulizifungua mwenyewe, na basi likaondoka bila mwanangu.

Nimemweleza Tito yote hayo leo, nikampa na uji. Ameondoka amenuna, wewe kabisa.

Kuna moja tu sikumwambia. Siku yako ya mwisho pale wodini, umefumba macho, husemi tena, nilitia kidole changu kiganjani mwako. Ukakishika. Muuguzi akaanza, "Mama, hiyo huwa inatokea tu kwa wagonjwa..." Nikamwambia anyamaze. Ulinijua. Na mimi nilibisha njia nzima hadi nyumbani.

Pumzika, mbishi wangu. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Mkeo,
Mama Tito